Barua ya Wazi: Gari Jipya la Umeme Lisikabidhiwe na Chaji ya Kubahatisha

Kwenu mnaotengeneza magari ya umeme, mnaoyasafirisha na kuyauza, na kwenu mnaoandika kanuni za kumlinda mnunuzi.

YAH: CHAJI YA GARI JIPYA SIKU YA MAKABIDHIANO

Ndugu wahusika,

Nawaandikia kwa ajili ya namba moja, 11. Hiyo ndiyo asilimia ya chaji niliyoikuta kwenye skrini ya gari langu jipya siku nilipopewa ufunguo. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa, viti bado vimevikwa nailoni, mazulia mapya yananukia. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kile kinacholiendesha.

Kijana aliyenikabidhi alikuwa na adabu, na sina ugomvi naye. Alinionyesha taa, vioo, na namna ya kuunganisha simu na redio. Nilipomuuliza, "Mwanangu, hii kumi na moja itanifikisha?" aliitazama skrini kidogo akasema, "Itakufikisha, mama. Inasoma kilometa arobaini na nne, na umeniambia nyumbani ni thelathini na sita." Nikatia saini, kaka yangu akapanda upande wa pili, tukaondoka.

Nataka kuieleza hesabu ile, kwa sababu tatizo lote limo ndani yake. Betri yangu ni ya kilowati-saa 60, kipimo cha umeme inaoweza kubeba. Asilimia 11 yake ni kilowati-saa 6.6. Gari la ukubwa wa langu, likienda taratibu kwenye barabara tambarare, hutumia kama kilowati-saa 15 kwa kila kilometa 100, na hapo ndipo zinapopatikana zile kilometa 44. Lakini njia yangu ya kurudi ni barabara kuu, ina mlima mrefu, na siku ile kulikuwa na joto, kiyoyozi kinafanya kazi. Kwa mwendo wa barabara kuu matumizi hupanda kwa urahisi hadi kilowati-saa 20. Gawanya upya: kilometa 33. Safari ni 36. Gari ambalo halijaendeshwa na mtu haliujui mguu wa dereva wake wala mlima ulio mbele yake, kwa hiyo linasoma kwa wastani liliopewa kiwandani. Muuzaji alipaswa kulijua hilo. Mimi sikulijua.

Mlima ulipoanza, kilometa zilizobaki zilianza kuporomoka mara mbili ya zile tulizokuwa tunakwenda. Kaka alizima kiyoyozi bila kuniuliza. Akazima na redio, ingawa redio haili umeme wa kuhesabika. Ni kwamba alikuwa hana kingine cha kuzima. Tukashusha vioo tukaendelea, roho mkononi, malori yakitupita kulia. Kituo cha kwanza cha kuchaji tulichokikuta kilikuwa na mashine mbili, zote skrini nyeusi. Cha pili kilikuwa kizima, ila kinataka programu yake kwenye simu, kisha namba ya kuthibitisha, kisha kadi ya benki, na mtandao pale ulikuwa wa kusuasua. Picha niliyobaki nayo kichwani ni hiyo: nimesimama kando ya gari jipya kebo ikiwa mkononi, kaka ameinua simu juu kutafuta mawimbi, na kwenye dashibodi imewaka picha ndogo ya kobe, ishara kwamba gari limejipunguzia nguvu lenyewe. Chaji ilikuwa asilimia 3. Dakika 40 zilipita kabla umeme haujaanza kuingia.

Tulifika nyumbani salama. Hakuna aliyeumia, na gari lenyewe ni zuri hadi leo. Lakini jirani yangu aliponiuliza jioni ile, "Vipi, mama, gari la umeme?" nilimjibu kwa nilichokiona siku ile, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumwambia. Mnatumia fedha nyingi kuwashawishi watu waache petroli. Saa mbili za kwanza barabarani zina sauti kubwa kuliko matangazo yenu yote.

Najua kuna watakaosema kwamba hata gari la petroli hukabidhiwa tangi likiwa karibu tupu, na hakuna aliyewahi kuandika barua. Ni kweli, na kwa petroli jambo hilo halina uzito. Unatoka yadi, unaingia kituo cha kwanza, dakika tano umejaza. Ukiishiwa njiani, mtu atakuletea galoni. Gari la umeme haliletewi galoni. Likizima, mengi hayafai hata kukokotwa kwa kamba, kwa sababu magurudumu yameungana moja kwa moja na mota, na mota ikizungushwa kwa nguvu za nje inazalisha umeme usiotakiwa na inaweza kuharibika. Linapaswa kupandishwa zima juu ya lori. Na likifika nyumbani likiwa tupu, soketi ya kawaida ya ukutani yenye volti 230 na ampea 10 hutoa kilowati 2.3 tu. Kuijaza betri kama yangu kutoka asilimia 11, ukihesabu na umeme unaopotea katikati, ni zaidi ya saa 24. Aliyefungiwa chaja ya kilowati 7.4 nyumbani anahitaji usiku mmoja. Anayeishi ghorofani bila chaja wala mahali pake pa kuegesha anahitaji kituo, na kituo kinahitaji programu, kadi, na wakati mwingine plagi ya aina tofauti na ile aliyoizoea muuzaji. Yaani mwenye uwezo mdogo wa kujisaidia ndiye anayebebeshwa mzigo mkubwa zaidi, siku ambayo bado hajajifunza chochote.

Nilikusudia kuandika barua fupi: gari jipya la umeme likabidhiwe limejaa, asilimia 100, basi. Ningeiandika wiki ile ile ingekuwa hivyo. Lakini nimekaa na gari hili miezi kadhaa, nimesoma kitabu chake mara tatu, nimeuliza mafundi, na nimeelewa kwamba dai hilo, likipelekwa kwenu jinsi lilivyo, linaweza kugeuzwa kanuni itakayowaumiza wanunuzi wenyewe. Kwa hiyo naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye uzito.

Kuna sababu nzuri za gari kusafirishwa likiwa na chaji ndogo. Betri za lithiamu zinazopelekwa peke yake kwa ndege za mizigo haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji, kanuni ya kimataifa iliyoanza Aprili 2016. Seli moja, kati ya vipande vidogo vinavyounda betri, ikipata hitilafu ikachemka kupita kiasi, humwambukiza jirani yake, na jirani wa jirani. Betri iliyojaa ina nishati nyingi ya kulisha moto huo kuliko iliyo robo. Baharini nako hofu ipo. Februari 2022 meli iitwayo Felicity Ace, iliyobeba magari karibu 4,000 kutoka Ujerumani kwenda Marekani, yakiwemo ya umeme, ilishika moto katika Atlantiki karibu na visiwa vya Azores, na tarehe 1 Machi ikazama. Sisemi betri ndizo zilizouwasha moto ule. Nasema moto ukishafika kwenye betri, kuuzima ni kazi nyingine kabisa, na nahodha yeyote ana haki ya kutaka mzigo wake usiwe umejaa nishati hadi juu. Sina hoja ya kupinga hilo. Nalishukuru.

Yadi nayo ina sababu yake. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa bila kuguswa, na vitu viwili huiharakisha: joto, na kuwa karibu na kujaa. Ndani ya kila seli, kimiminika kinachopitisha lithiamu hujibizana polepole na upande hasi wa betri na kujenga utando mwembamba. Utando huo hunasa lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Kwenye seli za nikeli, zinazojaa zikiwa na volti 4.2, kazi hiyo huenda kasi zaidi betri ikiwa imejaa kuliko ikiwa nusu. Sasa fikirieni kanuni isemayo "gari liwe na asilimia 100 tangu linapoingia yadi", halafu gari likae miezi minne juani likisubiri mteja. Mteja huyo atachukua gari lililojaa kwenye skrini, lakini ndani betri yake imeanza kuchoka kabla hajaliendesha hata kilometa moja. Ni mbuzi kwenye gunia. Na hatajua kamwe, kwa sababu mita ya chaji inaonyesha kilichomo leo, haionyeshi kilichopotea.

Kuiacha tupu nako si salama. Gari lililozimwa haliachi kula umeme: kufuli, king'ora, kompyuta na mawasiliano yake na kiwanda vinadokoa kila siku. Betri kubwa ikishuka chini kabisa ya kikomo chake na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani ya seli huanza kuyeyuka, na uharibifu huo haurudi nyuma. Isitoshe kuna ile betri ndogo ya volti 12, ambayo watu huisahau. Ikifa, gari halifunguki wala haliwaki, hata kama betri kubwa ina nusu. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi yao huyahifadhi magari yakiwa karibu na nusu ya chaji na kuyapitia mara kwa mara, mahali penye kivuli ikiwezekana.

Kwa hiyo ukiyaweka yote mezani, utaona kwamba kila sababu inayotetea chaji ndogo ni sababu ya safari ya melini na ya kungoja yadini. Hakuna hata moja inayohusu asubuhi ya makabidhiano. Gari litakaloondoka saa nne asubuhi halizeeshwi na chaji iliyoingizwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Asilimia 11 niliyokabidhiwa haikuwa kwa ajili ya kulinda betri yangu. Ilikuwa ni kwamba hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuchomeka kebo.

Je, basi, lijazwe kabisa siku hiyo? Hapa jibu linategemea betri, na nawaomba msiogope kuandika kanuni yenye matawi mawili. Betri nyingi za sasa ni za namna mbili: za nikeli, na za chuma na fosfati. Zile za nikeli, watengenezaji wengi wenyewe wanashauri zichajiwe hadi kama asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, na zijazwe pale tu mtu anapotaka kusafiri mbali. Zile za chuma na fosfati wanashauri kinyume chake: zijazwe hadi 100 mara kwa mara, baadhi yao wakisema angalau mara moja kwa wiki. Sababu ni kwamba volti ya seli hizo karibu haisogei katikati ya safari yake. Iwe na asilimia 30 au 70, inasomeka karibu sawa, na kompyuta inabaki kukisia. Ni ikifika juu kabisa ndipo volti inapopanda ghafla na kompyuta inapata alama ya kuanzia kuhesabu upya. Gari la namna hiyo ambalo limekaa miezi bila kujazwa linaweza kuonyesha asilimia ambayo si ya kweli. Kumkabidhi mtu gari hilo na namba ya kukisia, halafu kumwambia "itakufikisha", ni kumpeleka barabarani gizani.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitegemea, na nimeligundua mwenyewe asubuhi moja nilipotoka nyumbani na betri imejaa hadi juu. Mtu anayejifunza gari la umeme hufundishwa kwamba akiinua mguu kwenye kanyagio la mwendo, gari linajipunguza lenyewe, kwa sababu mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Siku mbili tu, mguu unazoea. Lakini betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea kitu. Niliinua mguu kwenye mteremko, gari likateleza mbele kama halijanisikia, nikashtuka nikakanyaga breki kwa nguvu. Breki zilikuwepo na zilifanya kazi. Mguu wangu ndio haukuwa mahali pake. Yapo magari yanayofidia pengo hilo yenyewe kwa breki za kawaida, na yapo yasiyofidia. Dereva mgeni, siku yake ya kwanza, na yadi iko juu ya mlima: hapo asilimia 80 au 90 ni salama kuliko 100. Na kama ni lazima iwe 100, aambiwe kabla hajagusa usukani.

Ninachowaomba ni hiki. Gari jipya la umeme likabidhiwe likiwa na chaji isiyopungua asilimia 80, iliyoingizwa ndani ya saa 24 kabla ya mteja kufika. Na lile la betri ya chuma na fosfati lijazwe hadi 100, kama mtengenezaji wake anavyoshauri. Anayekwenda mbali ajaziwe kabisa kwa ombi lake, bila malipo na bila kubembeleza. Anayetaka chini ya hapo aseme mwenyewe kwa maandishi. Na siku chache kabla ya makabidhiano mteja apigiwe simu aulizwe maswali mawili: unakwenda umbali gani ukitoka hapa, na ukifika utachajia wapi? Mimi sikuulizwa lolote kati ya hayo. Niliulizwa rangi ya mazulia.

Gharama ya umeme wenyewe sitaki kuijadili sana. Kilowati-saa 40 au 50 kwa bei yoyote ya umeme ni chembe ndani ya bei ya gari, na mnatoa zawadi za thamani zaidi ya hapo.

Hoja ninayoiheshimu ni ya muda na nafasi. Muuzaji mmoja aliniambia kwa uchungu wa kweli, "Dada, Jumamosi tunatoa magari kumi na tuna chaja mbili." Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu. Magari kumi, kila moja likiingizwa kilowati-saa 40, ni kilowati-saa 400. Chaja mbili za kilowati 11 zinatoa 22 kwa pamoja. Hiyo ni saa 18 na ushee. Ukianza Ijumaa saa saba mchana, kufikia saa mbili asubuhi ya Jumamosi umemaliza na umebakiwa na muda wa kufidia kile kinachopotea njiani. Inahitaji mtu wa usiku wa kuhamisha kebo, au kuanza na gari la kwanza Alhamisi, au chaja ya tatu. Hayo yote ni mambo ya ratiba. Tarehe ya makabidhiano mnaijua siku nyingi kabla. Ni ninyi mnaoipanga.

Na kuchaji huko kungewasaidia ninyi kabla ya kutusaidia sisi. Gari jipya hukaguliwa kabla ya kukabidhiwa: matairi, taa, mafuta ya breki. Kuchaji usiku mzima ni ukaguzi wa mlango wa chaji, wa kufuli linaloishika plagi, wa chaja iliyo ndani ya gari, wa kebo yenyewe, na wa kompyuta inayoamua chaji isimame lini. Rafiki yangu alichukua gari lake likiwa na chaji ya kutosha kufika nyumbani, akalichomeka usiku, na plagi ikakataa kushikwa: pini ya kufuli ilikuwa imekwama. Kesho yake lilirudi kule lilikotoka juu ya lori, majirani wakitazama. Kama kuna mtu angechomeka kebo ile yadini hata kwa dakika kumi, fundi angeigundua pini hiyo kabla mwenye gari hajaijua. Kumpa mteja gari ambalo halijawahi kuchajiwa mbele ya macho ya fundi wenu ni sawa na kumpa gari ambalo halijawahi kuwashwa.

Kuhusu karatasi. Nimeihifadhi fomu niliyotia saini siku ile. Ina mistari ya funguo mbili, jeki, pembetatu za tahadhari, mazulia, kitabu cha maelekezo. Hakuna mstari wa chaji. Hakuna wa afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ukilinganishwa na ule wa ilipotoka kiwandani. Kitu cha thamani kubwa kuliko vyote ndani ya gari lile hakimo kwenye orodha ya vitu nilivyokabidhiwa.

Na hili si geni kwenu mnaoandika kanuni. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ya kiufundi namba 22 kuhusu uimara wa betri za magari: betri ibakiwe na angalau asilimia 80 ya nishati yake iliyothibitishwa katika miaka 5 au kilometa 100,000 za kwanza, na asilimia 70 hadi miaka 8 au kilometa 160,000. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya taarifa za kila betri. Kwa hiyo mmeshakubali kwamba mnunuzi ana haki ya kuijua betri yake kwa miaka minane ijayo. Naomba mkubali pia haki ya kuijua siku ya kwanza. Mistari mitatu inatosha: asilimia ya chaji wakati wa makabidhiano, tarehe na saa ilipochajiwa, na afya ya betri kama gari lenyewe linavyoisoma. Muuzaji aandike, mnunuzi aione kwenye skrini, wote watie saini.

Watengenezaji, kwenu nina ombi moja la ziada. Magari yenu yana programu ya usafirishaji inayoyalaza yasile umeme melini. Wekeni na ya makabidhiano: muuzaji aingize tarehe na saa, gari lijue lenyewe lini lianze kuchaji na lisimame wapi kwa aina ya betri yake, na likatae kutoka kwenye hali hiyo kabla halijafika kiwango. Hamtahitaji kumtegemea kijana mwenye adabu akumbuke. Na ile namba ya kilometa kwenye gari ambalo halijaendeshwa, ionyesheni kwa tahadhari, isome chini kuliko wastani. Mtu akifika na ziada hatalalamika.

Wauzaji, nusu saa mnayotumia kutufundisha redio, tupeni robo yake kwa ajili ya kuchaji. Tuonyesheni kebo inavyoingia na inavyotoka. Tusaidieni kujisajili kwenye programu za vituo tukiwa bado ndani, kwenye kiti, mtandao upo na chai ipo, tusije tukaifanya kazi hiyo kando ya barabara. Na kwenye baridi kali, pale umbali unapopungua na betri inapochaji polepole, ongezeni kiwango bila kusubiri kuombwa.

Dada yangu anachukua gari lake la umeme mwezi ujao. Kutoka yadini hadi kwake ni kilometa 140, na nyumbani kwake bado hakujafungwa chaja. Ameshapewa tarehe, saa, na namba ya usajili. Juzi aliwapigia simu kuuliza litakuwa na chaji kiasi gani, akaambiwa, "Usijali, litakuwa nayo." Naomba apewe namba.

Wenu,
Mnunuzi aliyefika nyumbani na kobe kwenye dashibodi